Nimekuja Peke Yangu

Shoga, huyu mchumba wangu ni takataka.

Si alinikokota kuja kuangalia volkano ikilipuka? Tukiwa juu, mlima ukapiga kishindo, mawe ya moto yakaanza kuruka. Nageuka nimshike mkono, mwanaume keshatimua mbio.

Nashuka peke yangu, majivu mpaka kwenye meno. Nafika karibu na gari, namsikia kiongozi wa msafara akiuliza, "Nani ameacha mwenzake juu? Aje turudi tukamchukue."

Shujaa wangu akajibu, "Mimi nimekuja peke yangu."

Peke yangu. Na pete yake ninayo kidoleni.

Sasa tumo garini, koo limemkauka, na chupa ya maji ninayo mimi. Nimemwambia amwombe aliyekuja naye.