Kura Aliyoichana Jirani Yangu

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Huku Johannesburg baridi imeanza, natamani uji wako wa pilipili manga.

Jana jirani yangu, mzee Mwingereza, aliletewa kwa posta karatasi ya kura ya kwao. Akanisukumia. "Viongozi wa vyama vikubwa wote wamenidanganya. Chagua wewe, mama."

Nikamrudishia. "Hii ni yako. Yangu iko Morogoro, sijaipiga tangu nimfuate mume wangu huku."

Akaichana vipande viwili. Nikalia mbele yake, akadhani amenikosea.

Dada, uchaguzi wetu ukifika, wahi foleni, uvae ile khanga niliyokuachia. Ukirudi, niandikie nani alisimama mbele yako na mlicheka nini.

Nakukumbuka mno,
Mdogo wako Zuhura