Alama Tatu kwa Kumi

Basi Baba, kama nilivyokuwa nikikuambia pale kaburini kwako kabla mvua haijanifukuza, nimeolewa. Nimeolewa! Naliandika neno hili ili niliangalie tu. Anaitwa Daudi, ni mwandishi wa habari za elimu, na alinipata Kenyatta Market nikimsuka dadake nywele. Dada alimaliza kusukwa akaenda zake, Daudi akabaki amekaa kwenye kiti cha wateja. Ungemcheka sana.

Lakini nilikuwa na hofu moja, kwamba usingemkubali. Wewe na waandishi wa habari! Kila Jumamosi ulisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu kama daftari la darasa la sita, na ukifika kwenye habari za utafiti wa elimu unaguna: "Shiru, hawa wamehesabu watoto wangapi? Wa wapi?" Nami nakujibu, "Baba, chai inapoa."

Sasa sikia. Wiki mbili baada ya harusi tulikuwa tukipanga vitu katika nyumba yetu mtaani Jamhuri. Daudi akafungua katoni ya magazeti yako. Alikuwa ameshika habari yenye jina lake mwenyewe, na wino wako kila mahali. "Shule za Bweni Huongeza Akili." Pembeni umeandika: "Je, hawakuwa hodari hata kabla ya kwenda bweni? 3/10. Rudia."

Nikaikumbuka siku ile. Ni habari hiyo iliyomfanya Mama Njeri amtoe bintiye darasani kwako, mtoto wa miaka tisa, ampeleke bweni kwa sababu gazeti limesema. Njeri alikuja kukuaga akilia. Hukula chakula cha mchana. Nilimsimulia Daudi yote hayo kwa wasiwasi, maana nampenda, Baba, na sikutaka awe mtu wa kujitetea.

"Mzee alinipa tatu?" akauliza.

"Na siku hiyo alikuwa na huruma," nikamwambia.

Akakiri kwamba alisoma ule muhtasari wa ukurasa mmoja uliotumwa ofisini, basi. Kesho yake akautafuta utafiti mzima, akausoma hadi yale maandishi madogo ya mwisho. Akampigia mtafiti simu. Kumbe zile shule za bweni zilikuwa zikichagua watoto wenye alama za juu tangu mwanzo, na ripoti yenyewe ilionya watu wasiseme bweni ndilo lililowafaulisha! Mhariri akamwambia habari imezeeka, aachane nayo. Daudi akamrudia kesho yake. Na keshokutwa yake.

Habari mpya imetoka Jumanne, ukurasa wa ndani, chini kabisa, na ameandika wazi: nilikosea. Nilimkumbatia pale Adams Arcade hadi muuza magazeti akasema, "Madam, hilo gazeti ni la kusoma!" Nakala moja Daudi alimpelekea Mama Njeri mwenyewe. Aliisoma mara mbili, amesimama mlangoni. Hajasema kama atamrudisha mtoto. Lakini alituuliza maswali, Baba, yale yale yako.

Pumzika, mwalimu wangu. Kabla mwezi huu haujaisha tunakuja Kikuyu, hapo kaburini kwako, sisi wawili. Yeye atakusomea, mimi nitashika kalamu nyekundu. Nitajitahidi kutompendelea. Nimefikiria alama nane. Ukisikia nimempa kumi, ujue ni mapenzi.

Shiru wako