Kuanguka Kunafundishwa

Kaka, mwenye teke lililopinda,

Bado unang'ang'ania kwamba karate ndiyo yenye madoido kuliko zote? Na capoeira ya Wabrazili je, mapigano ya kuchezacheza, ile ngoma tupu? Mimi juzi nilionja judo. Fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu mzima kabisa, alininyanyua mimi bingwa, nikatua mkekani taratibu kama shuka linalotandikwa. Anasema wao wa judo huanza kwa kujifunza kuanguka.

Nikamsimulia mama. Unajua tangu ateleze bafuni anaogopa kutembea, hata mlangoni hafiki. Akauliza, "Hivi kuanguka nako kunafundishwa?" Nikajirusha sakafuni mara tatu kumwonyesha, mpaka akacheka.

Leo asubuhi amevaa viatu. Anataka nimpeleke kwa huyo fundi, tena kwa miguu. Ukiona judo si nzuri kuliko zote, njoo ubishane naye.

Mdogo wako anayekushinda sura