Jina la Yaya kwenye safu ya walevi

Alhamisi. Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Hasira yangu nayo haijakatika.

Leo nimeandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikaupigia muhuri wa maabara.

Daktari wetu wa hospitali ya reli alipokea kutoka Kinshasa kipimo kipya cha damu, kinaitwa gama. Mtu akilewa kila siku, ini lake hupandisha gama, ndivyo wanavyosema. Kabla ya kuwapima madereva wa treni, mimi mtu wa maabara nilitakiwa kukijaribu: damu ya wanywaji ishirini na ya wasiokunywa ishirini, tuone kama kinawatofautisha. Niliipenda kazi hiyo, sikatai.

Shida ilikuwa kuwapata hao wasiokunywa. Hapa Kindu mfanyakazi akiulizwa na daktari kama anakunywa, hujibu kwamba huonja kidogo tu sikukuu. Basi nikachagua watu ninaowajua. Wa kwanza alikuwa Yaya, kaka yangu mkubwa, mtunza ghala la depo ya reli. Yaya hajagusa pombe miaka sita, tangu aliposhikwa na kifafa. Vidonge vyake namletea mimi kwa siri. Hata mke wake, aliyemwoa juzijuzi, hajui.

Gama ya Yaya imetoka juu kuliko ya walevi wengi.

Ndipo nikaisoma mpaka mwisho ile karatasi ya Kifaransa iliyokuwa ndani ya boksi la kipimo. Imeandikwa wazi kwamba dawa za kifafa nazo hupandisha gama. Ningeisoma kabla ya kumtoa damu! Mjinga ni mimi.

Na shefu wa depo, mkubwa wa Yaya kazini, ambaye harufu ya lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, humtangulia mlangoni asubuhi, nilimweka kwa wanywaji. Gama yake ni ya mtawa.

Saa tatu nimemwambia daktari kwamba kipimo kimekosea kwa watu wawili. Hakuinua hata kichwa, akaniita raia kwa Kifaransa.

"Sitwayen, damu haidanganyi. Wewe njo ulipanga watu mubaya."

Akaniamuru nimhamishie Yaya kwa walevi na shefu kwa wasiokunywa. Ningetaja vidonge, lakini siri si yangu. Nimewahamisha. Jedwali limependeza sana, halina kosa hata moja, na limeondoka na ndege ya mchana kwenda Kinshasa.

Saa nane shefu, aliyepelekewa nakala ya jedwali na daktari, amewakusanya watu wote wa depo, akamvua Yaya funguo za ghala mbele yao kwa sababu ya ulevi. Nimeambiwa lutuku ilikuwa inamnuka akitoa hotuba ile. Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Jioni nimevuka mto hadi kwake Alunguli. Nimemkuta mke wake amepiga magoti, anapekua chini ya kitanda akitafuta chupa. Ameniuliza tangu lini nilijua kwamba mumewe ni mlevi.

Yaya akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye mvua. Nikamwomba aniruhusu niseme ukweli, hata kwa daktari peke yake.

"Hapana! Mulevi watu wanamucheka, lakini wanakula naye. Mutu wa kifafa, nani atatia mukono mu sahani yake?"

Pale depo hula bugali kwenye sahani moja, na kila mtu anaamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate. Yaya amefanya hesabu yake na kuchagua aibu iliyo nyepesi. Mimi ndiye niliyempa aibu za kuchagua.

Namchukia daktari. Namchukia shefu zaidi. Lakini mwandiko ule ni wangu.

Kesho saa moja madereva wa kwanza wanakuja kutolewa damu. Nitafunga mlango na kumuuliza kila mmoja anameza dawa gani. Atakayeniambia anameza dawa kama za Yaya, nitamwaga damu yake kwenye sinki na kusema kichupa kimevunjika.

Na yule atakayenyamaza kama Yaya, nitamjuaje?