Picha Haikuonyesha Chini ya Mchanga

Buzuruga, Jumapili, Aprili 1995. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Sasa imepumzika, lakini haijaondoka.

Salaam sana, daftari langu. Mimi niliacha shule darasa la nne, na katika kuandika kitu kilichonikaa kichwani ni barua tu, kwa hiyo nivumilie, nitaanza kama barua. Hali yangu si nzuri. Nikikuambia ni nzuri nitakuwa nakudanganya, na wiki hii nimeuchoka uongo. Baba Nyamizi hajambo, yuko zamu kwenye kiwanda cha samaki. Tangu walipompunguza kazi kule kiwanda cha pamba hachagui siku. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi anatuletea mapanki, tunakwangua mifupa na tunashukuru. Mama mkwe hajambo, magoti ndiyo yanamsumbua, mdomo hauna shida. Nyamizi hajambo, amekwenda kanisani na gauni la mitumba linalompendeza kuliko huyo mzungu aliyelivaa kwanza. Na Kabula, kitinda mimba wangu, hajambo. Yuko hapa mkekani, ameegemea gunia la michembe, viazi vikavu ninavyouza, na kila kalamu yangu ikikwaruza anacheka.

Kabula ana mwaka wa nne na hajasimama.

Alipozaliwa alichelewa kulia. Miguu yake inakaza, ukimnyanyua inapishana kama mkasi. Akili anayo, na utundu anao wa kutosha nyumba nzima. Tangu mwaka juzi nampeleka hospitali kwenye chumba cha mazoezi, kwa mtaalamu wa viungo tunayemwita Sista Adela.

Haya ninayoyaandika ningemwambia Mama Koku. Ndivyo ilivyokuwa: likinipata jambo, namsubiri siku ya kliniki, tunakaa kwenye benchi, namwambia. Leo jambo lenyewe ni yeye.

Mama Koku ni Mhaya, anakaa Igombe kule ziwani, mume wake ananunua dagaa. Binti yake Koku ana shida ile ile ya Kabula, miguu ile ile, hata umri wamekaribiana. Siku ya kwanza tulipokutana nilikuwa nimemfunika Kabula kwa kanga, kama ninavyofanya nikiwa mbele za watu. Yule mama akaifunua bila hata kuniomba, akamtazama mtoto, akasema, "Kumbe mzuri hivi! Anaitwa nani? Kabula? Basi wewe ni Mama Kabula."

Mtaani mimi ni Mama Nyamizi. Hakuna aliyewahi kuniita kwa jina la huyu mdogo. Nililia pale pale kwenye benchi, naye akanicheka, akasema Wasukuma machozi yetu ni mengi kwa sababu tunakula viazi vikavu, lazima maji yatoke mahali. Nikamwambia na wao wanaokula ndizi maji yote huwa yanapandia kichwani, ndiyo maana wanaringa. Tangu hapo tukawa ndugu.

Mwaka jana wakaja wageni wawili pamoja na vijana wa chuo wanaosomea kazi hii ya viungo. Wakasema wanafanya utafiti, wanataka kujua ni mazoezi gani mama anaweza kumfanyia mtoto nyumbani yakamsaidia. Tukaingiza mkono kwenye kikapu, kila mama akatoa kadi. Mimi nilitoa nyeupe, Mama Koku akatoa ya kijani. Nikadhani ni kadi za kujua nani anakuja siku gani. Ndivyo kliniki zilivyo, kila siku na kadi yake mpya.

Sisi wa kadi nyeupe tukaambiwa tuendelee kumkanda mtoto kwa mafuta na kumnyoosha miguu, kama zamani. Nikaendelea. Asubuhi kabla sijapeleka michembe yangu sokoni, jioni kabla ya kupika. Mafuta yakiisha natumia samli, mama mkwe ananuna. Kila nikienda kliniki wananiambia, "Mama, wewe ni hodari, unafuata maelekezo." Nilikuwa narudi nyumbani kichwa juu.

Sasa sikiliza.

Januari nilikwenda Igombe bila taarifa, nimemfungia Mama Koku michembe kwenye kitambaa. Nyumbani hayupo. Nikashuka ufukweni, nikazunguka lile jabali kubwa, nikamwona. Alikuwa amemfukia Koku kwenye mchanga. Wima! Mtoto amezama mpaka kiunoni, kifua na kichwa viko juu, mbele yake beseni limegeuzwa, juu ya beseni kuna makombe ya konokono wa ziwani, anayapanga. Mama yake amepiga magoti, anapiga makofi na kuimba kwa Kihaya.

Moyo ulinipasuka paa. Nikasema, masikini, Mama Koku amekwenda kwa mganga.

Huyu ni mama wa kwaya, Mlutheri wa kuzaliwa, anayenigombeza nikitaja hirizi kwa utani. Nikaona aibu aliyoibeba, nikarudi kinyumenyume mpaka jabali likanificha. Michembe niliiacha mlangoni kwake, nikaondoka. Sikumwambia mtu. Hata kijana mmoja wa chuo aliponiuliza kwa nini mapaja ya Koku yana mikwaruzo ya mchanga, nilimjibu, "Watoto wa ziwani, mwanangu, wanacheza mchangani." Nikamlinda. Na usiku nikamwombea asamehewe.

Halafu Koku akaanza kubadilika. Shingo ikakaa, mgongo ukanyooka, akawa anashika ukingo wa benchi na kujivuta. Mimi nikamwangalia Kabula wangu, miguu ni mkasi ule ule. Sista Adela akamshika goti, akasema msuli unazidi kukaza, mtoto akikua ndivyo inavyokuwa ngumu. Nilitoka mle ndani nikiwa baridi. Mama mkwe alikuwa anasema kila siku kwamba Usagara kuna mtu anayetibu miguu, na mimi, namwogopa Mungu kama ninavyomwogopa, nilianza kusema moyoni: kama mganga wa Mama Koku amefanya kazi, kwa nini nisiende?

Nikamvizia kwenye benchi, nikamwambia polepole watu wasisikie, "Mama Koku, mimi sikuhukumu. Kama kuna mtu anakusaidia, nionyeshe na mimi."

Akaangalia mikono yake. "Hakuna mtu, Mama Kabula. Ni Mungu tu."

Alisema hivyo, na Kabula amelala mapajani kwake. Yeye ndiye aliyekuwa amempakata.

Ijumaa iliyopita wakatuita kufunga utafiti. Soda baridi, keki, viti vya kukodi, watoto wamevalishwa. Mgeni mmoja akafunga mapazia, akawasha mashine ya picha, picha zikatokea ukutani. Ya kwanza, ziwa. Ya pili, lile jabali. Ya tatu, Koku kwenye mchanga, na beseni lake, na makombe yake, na pembeni amesimama Sista Adela anacheka.

Nilipiga makofi. Wote walipiga, nami nikapiga, mikono ilitangulia akili. Mikono yangu ilikuwa bado inapiga nilipoanza kuelewa.

Mgeni akaeleza, kijana wa chuo akatafsiri. Kulikuwa na makundi mawili. Wa kijani walifundishwa kumsimamisha mtoto kila siku, mchangani au kwenye shimo, mikono iwe huru acheze, miguu ijifunze kubeba mwili. Wa nyeupe waliendelea na kukanda, ili watu waone tofauti. Na tofauti imeonekana, kubwa! Halafu akawashukuru mama wa kijani kwa kutunza siri, kwa sababu wangewaambia wenzao utafiti ungeharibika. Wakapiga makofi tena.

Koku akasimamishwa kwenye kiti. Akasimama. Kwa nguvu zake, ameshika kiti kwa mkono mmoja, mkono wa pili anatupungia.

Kabula naye akampungia. Alifurahi sana, akamwita, "Koku! Koku!"

Nikasimama nikauliza, sijui nilipata wapi sauti, "Na sisi wa nyeupe tunaanza lini?" Kijana akamtafsiria mgeni, mgeni akajibu maneno mengi, kijana akatuambia machache: wataandika kwanza, halafu wataona jinsi ya kuwafikia wengine. Sista Adela alikuwa anaangalia chini. Yeye anasafiri na wageni kwenda Dar kusoma zaidi, na chumba cha mazoezi kitafungwa mpaka apatikane mwingine. Serikali siku hizi inapunguza watu, sio kuongeza.

Kwa wageni nina hasira, lakini ni hasira ya kumkasirikia mtu anayepita. Hawakunijua. Walinisifu kuwa hodari, nami nilisifiwa kwa kuwa sikujua.

Mama Koku alinijua.

Alinikimbilia nje mpaka getini, Koku mgongoni. "Mama Kabula, ngoja! Tafadhali ngoja."

"Niite Mama Nyamizi."

Alisimama kama nimempiga kofi. Akasema, "Tuliambiwa tukisema tutatolewa, na ubao wa mazoezi waliompa mtoto utachukuliwa. Niliapa, dada yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Niliondoka. Lakini swali lake limenifuata mpaka hapa, nalo nalichukia, kwa sababu jibu lake silijui. Mimi nilimtunzia siri yake nikidhani ni aibu. Yeye alinitunzia siri iliyokuwa dawa ya mwanangu. Hizo ni siri mbili, na naona hazilingani, hata nizigeuze vipi.

Nakumbuka siku moja, kama mwezi wa pili, alianza kusema, "Mama Kabula, ungekuwa unamsimamisha kidogo kidogo..." kisha akasema, "Achana nayo, nimesahau nilichotaka kusema." Nikadhani ananidharau, kwamba simsimamishi mwanangu kwa uvivu. Sasa najua neno lilikuwa limefika mdomoni. Alilimeza. Sijui kama hilo linapunguza uchungu au linauongeza.

Jana nikachukua jembe. Nikachimba shimo nyuma ya jiko, mahali penye kichanga. Mama mkwe akatoka na fimbo yake.

"We mwana, unachimba nini hapo?"

"Shimo la Kabula, mama."

"Kaburi la mtoto aliye hai! Nimeishi mpaka nikaona."

"Sio kaburi, mama. Ni la kusimama."

"Watu wenye miguu wanasimama juu ya ardhi, wewe unataka asimame ndani yake." Lakini hakuondoka. Aliketi kwenye kinu akaangalia, na nilipomshusha Kabula alisogea amshike kwapa.

Kabula aliingia akicheka. Nilirudishia mchanga kama nilivyoona kwenye picha. Mara akaanza kuzama upande mmoja, miguu imepishana humo chini, goti moja limekandamiza lingine, akalia kilio ambacho sijakisikia kwake tangu akiwa mchanga. Nilimfukua kwa kucha. Nikajaribu tena kwa shimo jembamba zaidi, ikawa vile vile. Leo mvua imelijaza maji, bata wa jirani anaogelea.

Picha ilionyesha juu ya mchanga. Chini ya mchanga haikuonyesha. Lazima kuna kitu kinawekwa kati ya magoti, au kuna namna ya kuweka nyayo, au kuna urefu wa shimo. Sista Adela ameshasafiri. Wanaojua ni wale mama wa kijani, na mmoja tu ndiye ninayejua kwake.

Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi. Kwenda kwake ni kama kumwambia hakuna neno, yamekwisha, na hayajaisha. Nikifumba macho namsikia anasema "ni Mungu tu". Kutokwenda ni kumwadhibu yeye kwa miguu ya Kabula.

Mama mkwe, ambaye nilidhani ataniambia Usagara, amepita sasa hivi akasema bila kunitazama, "Yule Mhaya wako ana mtoto anayesimama. Hasira utamalizia ukifika huko."

Basi. Nachana karatasi ya mwisho ya daftari. Nyamizi akirudi ataipeleka stendi kwa mama wa Igombe anayeuza dagaa. Nitaandika hivi:

Mama Koku, salaam. Koku hajambo? Baba yake? Sisi wote hatujambo, mama mkwe anakusalimu, hata mimi nimeshangaa. Nilichimba shimo, Kabula akalia. Magoti yanapishana na sijui mnaweka nini huko chini. Nimekukasirikia na bado nakukasirikia, na tukionana nitakuambia yote, ujiandae. Lakini nipe siku nimlete mtoto ufukweni, unionyeshe kila kitu, hata usichoulizwa. Usikawie kujibu, mpe huyu huyu mama wa dagaa. Miguu ya mtoto haiwezi kusubiri mpaka moyo wangu upoe.

Ni mimi, Mama Kabula.