Mikoko Tuliyoikata kwa Ajili Yako

Baba,

Kila Ijumaa nakusalimia hapo kaburini. Leo nakuandikia, kwa sababu niliyo nayo moyoni siwezi kuyasema Ami Haji akiwa amesimama ubavuni mwangu.

Unakumbuka tulivyokwenda Moshi kumtazama Shangazi Asha? Wewe mtu wa pwani, meli ikakutapisha kutoka kisiwani kwetu mpaka Dar es Salaam, na Mama akakucheka njia nzima. Asubuhi mawingu yakafunguka, Kilimanjaro ukaonekana. Mume wa Shangazi akatuonyesha kwa kidole barafu ilipokuwa ikifika utotoni mwake. Palikuwa mwamba mtupu. Ukautazama mpaka chai ikakupolea mkononi.

"Sasa maji yake yamekwenda wapi?" ukaniuliza, mimi mwanafunzi niliyejiona mjuzi. Nikajibu, baharini.

"Basi yanakuja kwetu."

Siku hizi nafundisha jiografia Mjini. Najua barafu ya mlima ule ni tone tu. Iliyo nyingi iko kwenye ncha za dunia, ila joto linaloiyeyusha ni hilo hilo. Hesabu yako ilikuwa na kasoro, Baba, lakini uliporudi kwetu Mkokotoni ulifanya lililo sawa. Ukapanda mikoko mbele ya makaburi yetu ya pwani, iyakinge na bahari, pale ilipokwisha kwa kukatwa kuni. Wakakuita mkulima wa matope, nawe ukaitika.

Tulikuzika nyuma ya mikoko hiyo. Ami Haji hakutulia. Alisema kaburi la kaka yake haliwezi kulindwa na vichaka, linataka ukuta. Ukuta unataka chokaa, chokaa inataka tanuu la kuichomea, na tanuu linataka magogo. Ya karibu yalikuwa ya mikoko yako. Nilipofika kutoka Mjini, moto ulikuwa umeshawaka.

Ukuta ulipendeza, mweupe pe. Maji makubwa ya bamvua la mwezi uliopita yalichimba chini yake, ukaanguka. Maji yakafika miguuni pako, na jiwe lako la kichwani limelala. Baba, nililia mbele za watu.

Jumamosi nikaenda kwa Ami na maneno makali. Sikumkuta nyumbani. Nilimkuta ufukoni, matope magotini, na umri ule, pakacha la mbegu za mikoko begani. Alikuwa akichomeka moja moja, mistari imepinda, huku akisema, "Kaka, nivumilie. Nlikuwa nnakulinda."

Nikavua viatu.

Mikoko haina haraka, bahari inayo, na sijui nani atatangulia. Ikitangulia bahari, tutakuhamisha kwa mikono yetu wenyewe, hatutakuacha uchukuliwe. Mola akulaze pema, Baba. Na Ijumaa ukiona sikai sana kaburini, usidhani nimekusahau. Niko hapo chini kwenye matope, na ndugu yako.

Mwanao,
Suleiman