Tundu la Pili Chini ya Mdomo

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, tope limefika mlangoni, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nimekula karanga. Kwa upande wa kulia!

Wiki mbili sijakuandikia, daftari. Jino langu la chini, kulia, lilioza. Nilikwenda zahanati, mganga akanichoma sindano ya ganzi, mdomo haukufa. Akachoma tena. Alipogusa jino kwa koleo nilipiga yowe hadi kuku wa nje wakatawanyika. Akaniacha.

Kosa langu ni kuwasimulia wenzangu hapa Mwakitolyo. Wachimbaji wa hapa wanaamini kwamba mtu asiyeshikwa na sindano amechanjwa dawa ya kuvuta dhahabu, na dawa hiyo huwanyang'anya wenzake wa shimo moja. Masanja, kiongozi wa shimo letu, akatamka mbele ya wote: "Wewe Mbena umechanjwa. Mpaka sindano ikushike, ung'olewe, utuletee hilo jino, hushuki."

Mimi wa Njombe, sina ndugu huku. Siku tisa nimebaki juu nikivuta ndoo za tope, wenzangu wako chini kwenye mwamba.

Nakiri jambo la aibu. Nilianza kuamini. Bibi yangu alinichanja nilipougua utotoni. Nani ajuaye alipaka nini kwenye zile chale?

Jana nikadandia lori la pamba hadi Shinyanga mjini. Hospitalini tabibu wa meno ni mama wa makamo, Bi Zuhura. Nikamwamkia, nikamwambia yote, hata habari ya bibi. Hakunicheka. Alifungua kabati, akatoa fuvu la mtu, akaliweka mezani kama anayetenga sahani ya wali. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Njoo baba, huyu haumi."

Akanionyesha tundu dogo kwenye taya, chini ya meno. Alisema mshipa wa fahamu hutokea hapo kwenda mdomoni, na sindano huwekwa karibu yake. Kisha akageuza fuvu. Upande wa pili matundu yalikuwa mawili. Mtu yule yule, kushoto moja, kulia mawili! Akasema hakuna nyuso mbili zilizotobolewa sawa. Wengine tundu liko mbele, wengine nyuma. Hata juu ya jicho, mmoja ana tundu, mwingine ana bonde tu, mwingine ana bonde upande mmoja.

"Labda wewe una tundu la ziada, na mshipa umepitia huko. Sasa nachoma nyuma kidogo. Ukiumia, nipige teke."

Sikumpiga teke. Mdomo ukafa, ukaning'inia kama soli iliyobanduka. Jino likatoka.

Nikalia. Si kwa maumivu.

Leo asubuhi nimelifungua jino kwenye karatasi mbele ya Masanja na wenzangu. Akaligeuzageuza, akanirudishia. Nikaeleza habari ya matundu, wakaguna. Basi nikawaambia kila mtu abonyeze mfupa wa nyusi kwa kidole gumba, upande wa karibu na pua.

Ungewaona! Wanaume sita wazima, mvuani, wanapapasana nyuso.

"Ninalo! Hili hapa!"

"Mimi sina kabisa, hebu shika!"

Masanja ana bonde kushoto. Kulia kwake ni laini kama yai. Juma, mropokaji wetu, hakungoja: "Kiongozi, huo upande wa kulia umechanjwa! Leo hushuki!"

Masanja alicheka mpaka akakaa topeni. Hakuniomba radhi, si mtu wa hivyo. Alinitupia tu kamba ya kushukia. "Mbena, Jumatatu unatangulia wewe." Hapa hatangulii mtu anayeshukiwa.

Bibi, nisamehe. Nilikutilia shaka kwa ajili ya tundu la mfupa.

Sasa nimeegemea ukuta wa miti, kidole kinarudi nyusini chenyewe. Mimi nina bonde pande zote mbili. Nyumbani nilimwacha mwanangu akiwa wa miezi minne, sasa atakuwa anakimbia. Nikifika Njombe, kabla hajaniuliza mimi ni nani, nitampapasa nyusi zake nijue amefanana na nani.